Pini ya Kivuko

Nilifika makumbusho saa tatu kasoro dakika kumi, nimevaa gauni la sherehe na nina bisibisi kwenye mkoba. Niseme ukweli mapema: bisibisi ile haikuingia mkobani kwa bahati mbaya. Jana yake jirani yetu mmoja alinipigia simu akaniambia, kwa ile sauti ya mtu anayejifanya anakuonea huruma, kwamba kwenye makumbusho ya kijiji kimewekwa kitu cha marehemu baba yangu na maandishi yake si mazuri. "Nenda ukajionee mwenyewe, mwalimu. Mimi simo," akasema, halafu akakata simu haraka kama walivyo watu wote wasiokuwemo.

Saa nne wageni wangekuja kufungua daraja jipya. Daraja lenyewe lingeitwa Daraja la Nahodha, na Nahodha ndiye baba yangu, aliyeendesha kivuko cha hapa miaka ishirini na mitatu. Kabla ya kukata utepe wageni wangepitishwa makumbusho, ndivyo ratiba ilivyosema. Kwa hiyo nilikuwa na saa moja na dakika kumi za kuhakikisha hakuna atakayesoma upuuzi juu ya baba yangu.

Msifikirie makumbusho makubwa. Ni ofisi ya zamani ya kivuko, vyumba viwili na kibaraza, bati limepakwa rangi nusu kwa sababu rangi iliisha. Wanaoyaendesha ni wazee wachache wa kujitolea, na hufungua Jumamosi na siku za wageni. Ndani kuna simu ya kuzungusha, plau ya kukokotwa na ng'ombe, mizani ya kupimia watoto wachanga, pasi ya mkaa, na mashine ya kuandikia iliyong'oka herufi mbili. Kila kitu kina kadi yake ya manila iliyoandikwa kwa mkono. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi wangu mara mbili, na mara zote mbili waliicheka simu.

Nilimkuta Mkunga mezani na daftari lake. Alistaafu ukunga zamani, lakini hakuna aliyeacha kumwita hivyo, na nusu ya kijiji tumezaliwa mikononi mwake. Mlangoni, amepiga magoti anapaka bawaba grisi, alikuwepo Pini.

Inabidi nimweleze huyu. Pini alikuwa msaidizi wa baba kwenye kivuko. Kivuko kile kilishikwa na waya mnene uliovutwa toka ng'ambo hii hadi ile. Mnyororo wa kivuko uliungana na waya kwa pini moja ya chuma, nene kama kidole gumba. Kabla ya kuondoka pini ilitiwa, nahodha akapiga kelele "Imeingia!", msaidizi akajibu "Imeingia!", ndipo akaanza kuzungusha gurudumu. Miaka arobaini na miwili iliyopita, mto ukiwa umefura, kivuko kiliachia waya katikati ya maji. Watu kumi na mmoja walikufa. Baba aliogelea akaokoa sita. Tume ilikaa siku tatu kwenye darasa la shule yetu, ikasema pini haikutiwa na kwamba hiyo ilikuwa kazi ya msaidizi. Alifungwa miaka miwili. Aliporudi akawa fundi wa kuchomelea, na watoto wakamwita Pini. Mimi nilikuwemo. Tulikuwa tukipita karakana yake tunapiga kelele, "Pini imeingia?", halafu tunatoka mbio huku tumeshika mbavu.

Sasa mtu huyo anapaka grisi bawaba za makumbusho, na ndani kuna maandishi mabaya juu ya baba yangu. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Salamu umeziacha nyumbani?" Mkunga akauliza.

"Nionyesheni hicho kitu."

Mkunga alinyoosha kidole bila kuinuka. Kwenye chumba cha pili, chini ya dirisha, palikuwa na kabati dogo la chuma na kioo. Ndani yake, juu ya kitambaa cheupe, ililala pini, nyeusi, haina kutu hata kidogo. Kadi yake ilisema hivi: *Pini ya kivuko. Siku ya ajali haikutiwa. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti la Nahodha. Msaidizi aliambiwa imeingia, akazungusha.*

Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu herufi zilianza kucheza. Nikageuka, nikamfuata Pini pale chini alipokuwa.

"Umesubiri afe," nikamwambia. "Umesubiri mzee wa watu azikwe, ndiyo uje na chuma chako ulichookota jalalani ujisafishe. Na leo! Siku ya leo!"

Pini alifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja.

"Mimi nimechomelea kabati," akasema. "Kilichomo humo si changu."

"Ni cha nani?"

Alimtazama Mkunga, na Mkunga akafunga daftari.

"Mwanangu, njoo ukae."

"Sikai. Itolewe hiyo kadi. Wageni wakishaondoka mtairudisha au mtaitia jikoni, shauri yenu."

"Siwezi kuitoa. Aliyeleta kitu ndiye anayesema, sisi tunaandika alivyosema. Kuitoa ni yeye peke yake. Mwingine akiwa na la kusema anaandika kadi yake, tunaiweka pembeni. Unaiona ile pasi?"

Niliiona. Ilikuwa na kadi tatu, za dada watatu wa mama tofauti, waliogombana pasi ilikuwa ya mama wa nani. Niliwahi kuwasomea wanafunzi wangu tukacheka sana. Siku hiyo sikuona cha kuchekesha.

"Pasi haijaua mtu," nikasema.

"Ndiyo maana hii inahitaji utaratibu zaidi ya pasi."

"Basi nitajie aliyeleta, niende nikaongee naye. Ana mdomo, nina masikio."

"Hakutaka atajwe kwako."

*Kwako.* Neno hilo lilinichoma, ila sikulipa nafasi. Nilitazama saa. Saa tatu na dakika tano. Nikafungua mkoba nikatoa bisibisi, nikarudi chumba cha pili nikainama mbele ya kabati. Nyuma yangu nilisikia kiti cha Mkunga kikiburuzwa. Pini naye aliingia, akasimama kando yangu, mikono nyuma, hakunigusa. Nilipapasa kabati juu, chini, ubavuni, nyuma. Hakukuwa na skrubu hata moja. Mwanamume yule alikuwa amechomelea kila kona, na mlango wake ulifungwa kwa ufunguo.

"Nilijua atakuja mtu na bisibisi," Pini akasema. "Sikujua atakuwa mwalimu mkuu."

Mahali pengine ningecheka. Nilisimama, magoti ya gauni yamejaa vumbi, na bisibisi mkononi haina kazi. Hapo nikafanya jambo ambalo mwanafunzi wangu akilifanya namwita na mzazi wake: nilirudi mezani nikaivamia mikono ya Mkunga na kulivuta daftari. Bibi wa miaka themanini, aliyenipokea duniani, nikalivuta hadi akaachia. Ukurasa ulichanika kidogo pembeni. Nikafungua pale palipokuwa na wino mpya.

*Kitu: pini ya chuma, moja. Mletaji: mke wa Nahodha. Amesimulia mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili.* Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba.

Nililijua dole lile. Lina kovu la kisu katikati, limegawanya mistari. Lilitiwa kwenye fomu yangu ya kuingia shule, lilitiwa kwenye barua ya kukubali posa yangu.

"Muongo," nikasema, ingawa sikujua namwambia nani.

"Muongo nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimemwacha nyumbani anavalishwa na mke wa kaka, aje baadaye na gari la wageni, akae mbele kama mjane wa heshima. Amekuja kwa miguu, viatu mkononi, fimbo mkono wa pili, anahema.

"Karibu ukae, shemeji," Pini akasema, akamsogezea kiti.

Shemeji! Miaka yote ya maisha yangu sikuwahi kuwasikia wawili hawa wakisemezana. Mama aliketi, akavaa viatu vyake taratibu. Mimi nilikuwa bado nimeshika daftari.

"Mama, wamekuandikia nini hapa? Wamekulazimisha?"

"Nani anilazimishe mimi?" Aliinua uso. "Baba yako alirudi siku ile maji yanamchuruzika. Nikamvua koti lililolowa, nikalikamua uani. Mfuko ulikuwa umefungwa kwa kifungo. Nikakifungua, chuma kikaniangukia mguuni. Nikampelekea. Akakitazama, akaniambia, 'Nilimwambia msaidizi imeingia. Katupe.' Nikamwambia sitatupa. Hatukuongea tena habari hiyo. Nilikuwa nakipaka mafuta kila mwaka."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, tungekula nini? Ninyi watano. Na alikuwa mume wangu. Alikuwa analia usingizini, ulikuwa hujui, ulikuwa mtoto. Nikamfichia. Sasa amekufa, wanataka kumwandika kwenye daraja kwa herufi kubwa. Nikiendelea kuficha, namfichia nani?"

Nilimwangalia Pini. Alikuwa anaangalia sakafu. Nikaona aibu, na mimi aibu ikinishika hugeuka hasira, hiyo ndiyo tabia yangu na siwezi kuipamba.

"Koti lina mifuko minne," nikasema. "Pengine ilikuwa pini ya akiba. Pengine aliiokota baadaye majini. Baba hakuwa mtu wa kusahau! Alikuwa anahesabu vyombo vya kivuko asubuhi na jioni. Mimi nilikuwepo siku ile, mmesahau? Nilikuwa na miaka saba, nilikuwa pale ukingoni."

"Mwanangu, nyamaza," mama akasema.

"Sinyamazi. Wamesikia yako, wasikie na yangu."

"Nakuomba."

Mama yangu haombi. Ningepaswa kusimama hapo hapo, lakini nilikuwa nimeshashika kasi.

"Nilimpelekea maji ya kunywa. Kiatu changu kikanasa kwenye tope, kile chekundu cha plastiki, nikapiga ukelele. Kivuko kimejaa, watu wanaharakisha, mto unanguruma, na baba yuko pale kwenye mnyororo. Aliacha kila kitu akanijia! Mtu mzembe angenijali? Aliruka toka kwenye kivuko, akaja mpaka pale nilipo, akatia mfukoni alichokuwa ameshika, ili apate mikono yote miwili, akainama..."

Sentensi hiyo nimeisema mara ngapi? Kwenye matanga yake niliisema. Harusini kwangu niliisema, nikiwa nimevaa shela, watu wakajifuta machozi. Nimewahi kuwasomesha watoto insha kwa kisa hicho. Na kila nilipokifikia, mama alikuwa ana kazi jikoni, au anaitwa nje, au kichwa kinamuuma. Sikuwahi kujiuliza.

Akatia mfukoni alichokuwa ameshika.

Nilisikia gurudumu la baiskeli likipita barabarani. Nilijaribu kukumbuka mkono wa baba, ulikuwa umeshika nini, na nikaona nilichokuwa nakiona miaka yote bila kukitazama: kitu cheusi, kifupi, kinene. Akakifungia kifungo kisianguke topeni. Kisha akanivuta mguu, akanitolea kiatu, akakisuuza, akanivisha. Akarudi mbio kivukoni, na akiwa bado anaruka kupanda nilimsikia akipiga kelele, kama alivyopiga mara elfu na elfu, "Imeingia!" Mdomo ulikuwa umezoea. Na kutoka mbele, kwenye gurudumu, sauti changa ikajibu, "Imeingia!"

Nilikaa juu ya plau, sikuona kiti.

"Nilimwambia Mkunga hilo asiliandike," mama akasema polepole. "Nilisema pini tu na koti. Nilijua ukiona kadi utakasirika, nikasema bora unikasirikie mimi."

Nilimgeukia Pini. "Ulijua?"

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa mbele, nikageuka nione kinachotuchelewesha. Nikaona Nahodha anakuvisha kiatu. Aliposema imeingia, nikaitikia, nikazungusha. Nilitakiwa kwenda kuangalia mwenyewe. Sikwenda. Hilo ni langu."

"Tume ilikuuliza?"

"Iliniuliza nani alisema imeingia. Nikasema Nahodha. Naye akasema siyo, ni mimi. Alikuwa ameokoa watu sita, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ungekuwa wewe ungemwamini nani?"

"Ungewaambia habari ya kiatu."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Ili iwe nini? Waende kukuuliza wewe? Wangepata mtu mwingine wa kumwita Pini, tena wa miaka saba. Usinishukuru lakini. Sikufanya kwa wema. Nilidhani nitakaa ndani wiki moja, mambo yaishe. Baadaye nilijuta. Kila mlipokuwa mnapita pale karakana mnapiga kelele, nilikuchukia wewe zaidi ya wenzako. Nilikuwa naangalia viatu vyako."

Niliyameza. Nilitaka kulia na machozi yakanigomea, nikabaki nimekaa juu ya ile plau na gauni langu la sherehe, mwanamke mzima mwenye shule ya watoto mia sita.

Magari yalisikika. Yalikuwa matatu au manne, yakaegeshwa mbele, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mtu akacheka kwa sauti kubwa. Katibu wa sherehe alichungulia, jasho linamtoka, tai imekaa upande.

"Mwalimu! Upo? Afadhali. Wageni wamewahi. Niwaingize?"

"Wasubiri," nikasema.

"Wasubiri wapi? Jua hili!"

"Kibarazani."

Alinitazama, akamtazama mama, akarudisha kichwa nje. Mama aliinuka kwa fimbo yake akaja mpaka pale nilipokaa. Akaniwekea mkono kichwani.

"Mimi ndiye mletaji," akasema. "Ukiniambia niitoe, naitoa sasa hivi. Ufunguo anao Mkunga. Daraja litafunguliwa, watapiga makofi, twende nyumbani. Hakuna hapa atakayekusema. Baba yako alikuwa anakupenda, hilo halijabadilika. Sema tu."

Niwaambie ukweli, nilitaka kumwambia aitoe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nje walikuwa wanaongea habari za daraja, urefu wake, nondo zake, na mtu mmoja akasema, "Mzee huyu alikuwa shujaa bwana," na wengine wakaitikia. Na ni kweli. Wale sita waliookolewa wana watoto, na watoto wao ninawafundisha. Nilimtazama mama, nikaona kwamba angeitoa kweli, na angeipaka mafuta tena kila mwaka mpaka afe, kisha ingekuwa zamu yangu.

"Mama Mkunga," nikasema, "nipe kadi. Na kalamu. Na unisamehe kwa daftari."

Alinipa vyote viwili. Msamaha hakunipa, akasema tutaongea. Nilivuta kiti mezani. Nina mwandiko mzuri, ndio unaonipa kiburi, lakini siku ile mistari ilipanda mlima. Niliandika:

*Nilikuwa na miaka saba. Kiatu changu kilinasa kwenye tope nikamwita baba yangu, Nahodha. Alikuwa na pini mkononi. Aliitia mfukoni aje kunisaidia. Aliporudi kivukoni alisema imeingia, akiamini imeingia. Baadaye alijua, na hakusema. Mtu aliyefungwa kwa kosa hilo hakulitenda. Mtu huyo anaitwa*

Kalamu ikasimama.

Nilisubiri jina lije. Nilidhani nimelisahau kwa sababu ya kiwewe, nikafumba macho nikalitafuta. Nikatafuta kwa baba, alivyokuwa akimtaja nyumbani. Alisema "yule msaidizi". Nikatafuta sokoni, kwenye mikutano ya kijiji, kwenye risiti ya lango la shule alilotutengenezea mwaka juzi, ambalo mimi mwenyewe niliandika *fundi Pini*. Miaka arobaini na miwili, kijiji kimoja, na sikulijua. Mkunga alikuwa analijua. Nilimwona anataka kunisaidia, akajizuia, akatazama dirishani.

Niligeuza kiti nikamkabili.

"Mzee wangu," nikasema, "unaitwa nani?"

Akatazama grisi kwenye vidole vyake. Nje katibu alikuwa anabisha hodi, kwa adabu kwanza, halafu kwa nguvu, na hakuna aliyemjibu. Kisha mzee akalitaja, la kwake na la baba yake, polepole, kama mzazi anayemwandikisha mtoto shule na hataki likosewe. Nikaliandika. Nikamsomea nilivyoandika.

"Ndilo," akasema.